Kila tundu na mpangilio wake: kuseti prosesa ya video sebuleni

Prosesa yangu niliinunua mtumba, kile kisanduku kinachokaa katikati ya vifaa vinavyotoa picha (king'amuzi, laptopu, deki) na projekta, kikiirekebisha picha kabla haijafika ukutani. Wiki tatu za mwanzo niliilaani. Nikiweka sawa picha ya king'amuzi, ya laptopu inaharibika. Nikiponya laptopu, deki ya DVD inapauka. Kumbe rangi na mwanga nilikuwa nazichezea kwenye projekta, wakati prosesa inahifadhi mpangilio wa kila tundu la HDMI peke yake. Kwa hiyo rudisha projekta kwenye hali yake ya kawaida, uiache hapo, kazi yote ifanyie kwenye prosesa.

Washa kifaa kimoja, picha yake itokee, ndipo ufungue menyu. Hakikisha jina la tundu linaloonekana pale juu ndilo unalolitaka. Mimi nimewahi kumaliza nusu saa nikiiseti deki iliyokuwa imezimwa.

Laptopu ndiyo iliyonitoa jasho. Tulikuwa tunaangalia video ya harusi ya dada yangu, akina mama wamekaa mkekani na mabuibui yao, na nguo zote zimeshikana zikawa doa moja jeusi kama lami iliyomwagika. Mkunjo hata mmoja hauonekani, tarizi za mikononi hazipo. Sababu ni hii: mwanga wa picha hupimwa kwa namba kuanzia 0 mpaka 255, na king'amuzi na deki kwa kawaida hutuma weusi kwa namba 16 na weupe kwa 235. Laptopu nyingi hutumia namba zote, weusi 0 na weupe 255. Prosesa ikidhani laptopu nayo inaanzia 16, chochote kilicho chini ya hapo kinamezwa na giza. Tafuta sehemu ya viwango vya tundu hilo, uchague 0–255. Kwenye menyu nyingine imeandikwa "PC" au "Full". Ukikosea kinyume chake, picha itapauka kama ubao uliofutwa vibaya. Na usijaribu kuponya giza hilo kwa kuongeza mwanga. Weusi utageuka kijivu, lakini tarizi zilizokwisha kukatwa hazirudi.

King'amuzi mimi nimekiacha kitoe 1080i. Hapo picha inakuja nusu nusu, mistari 540 kwa wakati mmoja, mara 50 kwa sekunde, na kuiunganisha ni kazi ya prosesa. Ukiona mguu wa mchezaji anayekimbia umeota meno ya chanuo, muunganisho haujakaa sawa: kwenye menyu ya tundu hilo toa "Film", weka "Video" au "Auto". Na kama projekta inakubali, prosesa nayo itoe picha 50 kwa sekunde. Mpira wa 50 ukilazimishwa kwenda kwa 60, kamera ikifuata winga uwanja unakuwa unarukaruka. Deki yenye filamu ni habari nyingine, hiyo iachie "Auto".

Ubao wa magoli ukikatwa pale kwenye kona, punguza "Overscan" (kiasi cha kingo za picha kinachokatwa) ya tundu hilo hadi sifuri. Dakika moja tu.

Sauti iache mwisho, kwa sababu kila ulichobadilisha huko juu kinaweza kuichelewesha picha. Weka taarifa ya habari, mtazame mtangazaji midomo, hasa anapotamka herufi za kufunga mdomo kama b na m. Sauti ikimtangulia, ongeza ucheleweshaji wa sauti milisekunde 20 kwa 20, ambayo ni picha moja kwa mwendo wa 50. Kwangu ilikaa kwenye 60.

Ukimaliza, piga picha kila ukurasa wa menyu kwa simu. Mwanangu wa miaka minne alishaikamata rimoti akabonyeza "Reset", tena akathibitisha.