Kabla hujapakia kidhibiti cha hita kuja Mombasa

Shemeji yangu wa Minneapolis alipomaliza kujenga Bamburi, alituletea kidhibiti cha hita ya sola ndani ya sanduku la nguo. Kimeandikwa 24V. Fundi alikifunga saa nne asubuhi, na kabla ya adhana ya adhuhuri nyumba ilishanuka plastiki.

Kidhibiti hakikuwa na kosa. Marekani vidhibiti vingi vya kupasha joto havili umeme wa ukutani. Hulishwa 24V na transfoma ndogo, yaani kifaa cha kubadili volti, na transfoma hiyo ndiyo inayotaka 120V, 60Hz (Hz ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Stima ya Mombasa ni 240V, 50Hz. Ukiichomeka hapa, upande wa pili hutoa kama 48V badala ya 24V, na yenyewe huchemka mpaka iungue.

Basi usidanganywe na ile 24V. Geuza transfoma, soma palipoandikwa INPUT. Ikiwa ni 100-240V, 50/60Hz, ilete. Utabadilisha plagi tu. Ikiwa ni 120V peke yake, iache hukohuko, uje na kidhibiti, kisha ununue mjini transfoma ya 240V kwa 24V. Iwe ya kutoa AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa ukutani. Muuza duka atakupa ya kamera za ulinzi, ambayo ni DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, na ataapa ni kitu kimoja. Angalia na VA, yaani mzigo ambao transfoma inaweza kubeba: jumlisha kidhibiti na valvu zake, uache nafasi juu. Ya 40VA hutoa takriban ampea 1.7, si zaidi.

Wengine hukimbilia mashine ya kushusha umeme. Hiyo hushusha volti tu, 50Hz inabaki palepale, na pampu ya 60Hz itazunguka kwa uzito. Elementi ya hita ndiyo hatari zaidi: ya 120V, 1500W, ukiipa 240V itavuta 6000W.

Walio Uingereza wana afadhali, kwani huko ni 230V, 50Hz na plagi ni yetu ya pini tatu. Lakini themostati nyingi za huko huwasha na kuzima 230V moja kwa moja. Ya Kimarekani ya 24V usiifunge kwenye waya hizo hata kidogo.

Siku ya kufunga, mwambie fundi apime kwa mita kati ya R na C, yaani waya mbili zinazoleta 24V kutoka kwenye transfoma, kabla kidhibiti hakijaunganishwa. Ikisoma 24 hadi 28, aendelee. Ikisoma 48, azime swichi kubwa.