Kuvuna maji ya mvua nyumbani: anza na paa, tenki baadaye

Watu wengi wakisikia kuvuna maji ya mvua wanakimbilia tenki kubwa, alafu linakaa nusu msimu mzima sababu paa lenyewe ni dogo au gata (mifereji ya ukingoni mwa paa) zinamwaga nje. Piga hesabu kwanza jamani, mbona nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima urefu na upana wa paa kwa chini, mteremko achana nao. Paa la mita 10 kwa 5 likipigwa mvua ya milimita 20 ni lita 1000, toa asilimia 20 ya kupotea zinabaki 800, na hiyo ni mvua moja tu!

Sasa angalia matumizi. Watu 5, kila mmoja lita 20 kwa siku, kiangazi cha siku 60 ni lita 6000. Kama mfuko hauruhusu, chukua tenki dogo na maji yake yawe ya kunywa na kupikia tu, lingine utaunga mbele ya safari.

Gata zilalie kidogo upande wa tenki, sentimita 1 kwa kila mita inatosha.

Kitu ambacho watu wanaruka, na kwangu ndo muhimu kuliko vyote, ni kutupa maji ya kwanza, maana yanakuja na vumbi, majani na mavi ya ndege. Kabla ya tenki shusha bomba la inchi 4 lililozibwa chini kwa kifuniko cha kufungua, mvua inajaza hilo kwanza, likishajaa ndo maji safi yanapita juu kwenda tenkini. Mita 1 ya bomba hilo inashika kama lita 8, paa letu linataka lita 25 hivi kwa uchache, ukiona bomba linakuwa refu mno weka pipa badala yake. Toboa tundu dogo chini lijimwage lenyewe taratibu, si kila mtu atakumbuka kufungua.

Msingi wa tenki uwe imara kwelikweli, lita 1000 ni kilo 1000. Mwanga usiingie, utaota ukijani, na kila tundu livae wavu wa mbu hadi bomba la kufurikia. Koki ikae sentimita 10 juu ya kitako ili tope libaki chini.

Ya kunywa chemsha, au jaza chupa angavu ya plastiki uiache juani masaa 6, kukiwa na mawingu mengi siku 2. Ila paa la asbesto au lenye rangi ya risasi, maji yake usinywe hata ukichemsha, mwagilia bustani ya maua.