Kuigeuza jeti ya abiria wachache kuwa maabara inayoruka

Watu wengi huanza kwa kuchagua ndege. Wewe anza na kipimo.

Hatua ya 1. Andika unachotaka kupima, na kwa usahihi gani. Ukihitaji kupanda juu sana utatafuta jeti kama HALO, Gulfstream G550 ya DLR, kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani, inayofika zaidi ya mita 15,000.

Hatua ya 2: hewa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ndege huivuruga hewa kabla hujaipima, ndiyo maana vipima upepo hukaa kwenye mlingoti mrefu unaochomoza puani. Mrija wa sampuli nao uvuke utando wa hewa unaokokotwa na gamba la ndege. Upitishe kwenye bamba lililowekwa mahali pa dirisha. Kila tundu jipya huleta mahesabu ya uchovu wa metali na kibali kingine cha mamlaka.

Kisha kuna joto. Kwa kasi ya Mach 0.8 (asilimia 80 ya kasi ya sauti), hewa ya nyuzi −55 ikisimamishwa ndani ya mrija hupanda takriban nyuzi 28. Chembe ya barafu iliyoingia humo hugeuka mvuke, nawe unaandika unyevu ambao angani haukuwepo. Kama unapima mvuke, elekeza mdomo wa mrija nyuma.

Hatua ya 3: rafu. Zifunge kwenye reli za viti, zihimili 9g (mara tisa ya uzito wake) kuelekea mbele. Rafu ya kilo 150 itavuta kama mzigo wa kilo 1,350, na mbele yake wameketi wenzako. Kompyuta iliyoshikwa kwa kamba ya plastiki mimi huishusha, hata injini zikiwa zimewashwa.

Hatua ya 4: umeme. Rubani awe na swichi moja ya kuzima vifaa vyote vya utafiti.

Hatua ya 5: mtetemo. Ukibadilisha umbo la nje, itikise ndege ardhini kwanza, kisha ongeza kasi kidogo kidogo angani. NASA, ilipojaribu flapu (vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa) zinazopinda kwenye Gulfstream III kuanzia 2014, ilifunga pembe moja kwa kila safari, kati ya nyuzi −2 na 30.

Hatua ya 6. Katika hewa tulivu, ruka mstari mmoja kwenda na kurudi. Upepo uliopimwa ukitofautiana kwa kila upande, rudi kwenye mlingoti ukausawazishe upya.