SOMO: Jinsi ya kuomba msaada wa serikali kwa mtoto mdogo mwenye mahitaji maalum, kabla hajaanza darasa la kwanza

Habarini wazazi na walezi. Mtoto ana miaka mitatu minne, haongei vizuri, au hatulii, au unaona tu kuna kitu hakiko sawa, sasa mzazi unaanzia wapi? Wengi wanasubiri mpaka daktari ataje jina la tatizo ndo waanze kuomba, na hapo ndo muda unapotelea. Kwa upande wa elimu kinachoangaliwa zaidi ni mtoto anahitaji nini ili ajifunze. Watoto wawili wote wana usonji (autism), mmoja anahitaji mtu wa kukaa naye darasani, mwenzake anahitaji kona tulivu na ratiba ya picha basi. Jina moja, msaada tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Daftari. Hii ndo kazi kubwa kuliko zote na haina gharama. Usiandike "mtoto msumbufu" au "hatulii", hiyo haimsaidii mtu yeyote. Andika hivi: "Jumanne asubuhi, kengele ya shule imelia, ameziba masikio akakimbilia nje, mwalimu wake amemshika mkono wakasimama kidogo pale mlangoni, kelele zilipoisha akarudi mwenyewe kukaa." Umeona? Hapo mtaalamu anapata kilichomsumbua, alichofanya, na kilichomsaidia. Andika na anayoyaweza pia, sio matatizo tu, maana msaada unajengwa juu ya anachoweza. Video fupi za simu nazo zinasaidia sana, mtoto akifika ofisini mara nyingi anakuwa mpole kama sio yeye.

Hatua ya 2: Masikio na macho kwanza. Mtoto anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, haumwi wala halii, leo anasikia kesho hasikii vizuri, nyumbani mnasema ni mkaidi. Na kupima masikio sio kupiga makofi nyuma ya kichwa chake jamani! Makofi anaweza kuyasikia vizuri tu huku sauti nyembamba kama "s" na "f" hazipati, sasa hapo maneno atayashikaje. Nenda kwa wapimaji, chukua majibu ya maandishi.

Hatua ya 3: Omba tathmini kwa barua, yaani wataalamu wamwangalie mtoto anahitaji nini ili ajifunze. Maneno ya mdomo kesho yanakanwa. Barua iwe fupi: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mambo mawili matatu kutoka kwenye daftari, halafu sema wazi "naomba mtoto afanyiwe tathmini ya mahitaji yake ya elimu". Peleka nakala mbili ofisi ya elimu, moja waipige muhuri na tarehe ubaki nayo. Uliza pia sheria inawapa muda gani wa kujibu. England kwa mfano halmashauri ina wiki 6 za kuamua kama itamfanyia tathmini, na mchakato wote mpaka mpango wa mwisho wa kumsaidia mtoto ni wiki 20. Ukijua muda wao unajua lini uanze kufuatilia.

Hatua ya 4: Siku ya tathmini mtoto awe ameshiba na hajakatiwa usingizi. Waambie lugha anayoongea nyumbani, maana mtoto akipimwa kwa lugha asiyoizoea ataonekana hajui kitu.

Hatua ya 5: Mpango wake binafsi wa elimu, yaani karatasi inayosema mtoto atasaidiwa vipi na kwa malengo gani. Soma malengo kabla ya kusaini. "Ataboresha mawasiliano" sio lengo, hiyo ni dua. Lengo ni kama hivi: mpaka mwisho wa muhula ataomba maji kwa kuonyesha picha, mara nne kati ya tano, mwalimu msaidizi atamfundisha kila siku wakati wa kula. Kila lengo liwe na mtu anayehusika na tarehe ya kuliangalia upya. Kama hujaelewa usisaini, omba uende nayo nyumbani ukaisome.

MASWALI

Swali: Wangu ana miaka miwili tu, kila nikienda naambiwa subiri akue.
Jibu: Usisubiri mama. Miaka ya mwanzo ubongo unajifunza kwa kasi sana. Marekani sheria yao inahudumia hata wa chini ya miaka 3, na huduma zinawafuata nyumbani. Uliza kwenu wadogo hao wako chini ya afya, elimu au ustawi wa jamii, maana mara nyingi unazungushwa kwa kuwa umegonga mlango sio.

Swali: Kaka, posho ya ulemavu si ndo hiyo hiyo?
Jibu: Hapana. Mara nyingi posho ni ofisi nyingine na fomu nyingine, na huko ripoti ya daktari ndo inadaiwa zaidi. Omba zote, moja isisubiri nyingine.

Swali: Shule imesema haina mwalimu wa mahitaji maalum, nimpeleke kwingine.
Jibu: Waombe wakuandikie hilo jibu, wengine wakisikia "andika" wanalegea wenyewe. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinasema mtoto asitengwe na elimu ya msingi kwa sababu ya ulemavu. Nchi nyingi zimeuridhia. Uitaje kwenye barua ya kwenda ngazi ya juu.

Swali: Nikimuandikisha si ataitwa mlemavu maisha yote? Mume wangu hataki kabisa kusikia.
Jibu: Dada, mpango unapitiwa upya, wapo wanaopunguziwa msaada na wapo wanaoacha kuuhitaji. Mpe mzee daftari asome mwenyewe, usibishane nae.

Swali: Nimeshakataliwa, nifanye nini?
Jibu: Omba sababu kwa maandishi na uulize siku ya mwisho ya kukata rufaa. Halafu jibu sababu moja moja. Wakisema hakuna ushahidi wa shuleni, nenda kwa mwalimu wake akuandikie, uambatanishe na kurasa za daftari.