Kupita Four Corners na mtoto mdogo: mwongozo kwa tunaoishi Marekani

Pale majimbo ya Utah, Colorado, New Mexico na Arizona yanapokutana, ndipo Four Corners, kuna jangwa la nyanda za juu ambalo watu wamelima na kujenga kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mababu wa Wapueblo walijenga huko nyumba za mawe za ghorofa, nyingine ndani ya mapango ya majabali, na Wanavajo na Wahopi wanaishi huko mpaka leo. Wengi wetu tukipata likizo tunakimbilia miji mikubwa na fukwe, tukiamini kwamba jangwa si mahali pa mtoto wa miaka miwili au mitatu. Mimi nasema mpeleke. Mtoto wa umri huo anataka mchanga, mawe, ngazi na vijumba vya kuingia na kutoka, na huko vimejaa. Kinachoharibu safari ni ratiba ya watu wazima wanaotaka kumaliza kila kitu kwa siku nne. Panga mahali pamoja kwa siku, mfike asubuhi mapema, na jua likipanda mtoto awe amelala kivulini au hotelini.

Nenda mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Majira ya kuchipua yana upepo wa vumbi unaomsumbua mtoto mwenye pumu, na wakati wa baridi Mesa Verde, hifadhi ya magofu iliyoko Colorado, hupata theluji, barabara nyingine zikafungwa. Julai na Agosti ni joto na dhoruba za mchana. Dhoruba hizo si za kubeza. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, karibu na mji wa Page, baada ya maji ya mvua iliyonyesha mbali kulijaza korongo ghafla. Kwa hiyo mtoto asichezee kwenye mkondo mkavu wa mchanga hata kama anga la juu yenu ni jeupe, na gari lisivuke barabara yenye maji yanayokwenda.

Uwanja mkubwa wa ndege ulio rahisi ni wa Albuquerque. Kodi gari hapo, kisha endesha kama saa tatu hadi mji wa Aztec, New Mexico. Ningeanzia huko kwa sababu mbili. Kwanza, Aztec iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na Mesa Verde ni kati ya mita 2,100 na 2,600. Mtoto aliyetoka Houston anahitaji siku moja au mbili za kuizoea hewa hiyo, la sivyo utaona amenuna, hataki kula wala kutembea, na wewe kichwa kinakugonga. Pili, magofu ya Aztec Ruins yanamfaa mtoto kuliko mengine yote ninayoyajua. Njia yake ni fupi, kama mita 800, na inapita ndani ya vyumba vyenyewe. Milango ni mifupi sana: mtoto anapita wima, baba yake anainama mpaka magoti yanalia. Mwanangu alipoona yeye ndiye anayepita bila taabu, alitupangia foleni, akatuamuru tumfuate chumba hadi chumba. Hapo pia kuna kiva kubwa, chumba cha ibada cha mviringo kilichochimbwa ardhini, ambacho mwanaakiolojia Earl Morris alikijenga upya mwaka 1934 kikiwa na paa lake. Ndani ni baridi na kimya. Mwambie mtoto kabla hamjaingia kwamba hapa watu walikuja kuomba, naye atapunguza sauti. Kigari cha mtoto kiache garini, maana hakipiti milangoni.

Kabla ya kuondoka, pitia Farmington, ambako kuna maduka makubwa na hospitali. Nunua nepi, maziwa ya kopo na maji hapo. Mbele ya safari maduka ni machache na yametawanyika.

Mesa Verde imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1906. Ina nyumba za majabalini kama 600, na iliyo kubwa kuliko zote, Cliff Palace, ina vyumba kama 150. Toka langoni hadi kwenye magofu yenyewe ni mwendo wa dakika 45 au zaidi kwenye barabara ya kona na magenge, kwa hiyo mtoto anayetapika garini asipewe maziwa mengi kabla ya kupanda. Kuingia Cliff Palace na Balcony House ni lazima uende na askari wa hifadhi, kwa tiketi iliyonunuliwa mapema. Kanuni ni kwamba mtoto apande ngazi mwenyewe, na kichanga abebwe kwenye begi maalumu la mgongoni. Balcony House ina ngazi ya futi 32, karibu mita 10, na tundu la kupita kwa kutambaa. Kwa mwenye mtoto mdogo, ushauri wangu ni kuiacha kabisa. Zungukeni kwa gari barabara ya Mesa Top, ambako mnashuka kidogo kidogo na kuona kwanza nyumba za mashimo za karne ya 6 na 7, halafu, mwisho wa njia, nyumba za majabalini za karne ya 13 upande wa pili wa korongo. Mtoto akilala katikati, hukukosa kitu: mnasubiri kivulini mpaka aamke.

Anayeweza kushika kalamu mchukulie kijitabu cha Junior Ranger, yaani askari mdogo wa hifadhi. Ni bure, na akimaliza anaapishwa na kupewa beji.

Chaco, magofu mengine ya mababu wa Wapueblo huko New Mexico, pamoja na ukuu wake wote na jengo la Pueblo Bonito lenye vyumba zaidi ya 600, iache mpaka mtoto akue. Barabara yake ya mwisho ni ya vumbi na mashimo, hakuna petroli wala chakula, na simu haishiki. Monument Valley, bonde la minara ya miamba katika ardhi ya Wanavajo, inapendeza, ila barabara yake ya maili 17 si ya lami, na mikataba mingi ya magari ya kukodi haikubali njia za namna hiyo. Ajiri mwenyeji akupeleke, na uhakikishe kiti cha mtoto kinafungika kwenye gari lake.

Canyon de Chelly, korongo lililo katika ardhi ya Wanavajo huko Arizona, ndiyo ningeipa siku nzima. Mnatembea kwa gari ukingoni na kusimama kwenye vituo vya kuangalia chini, ambako familia za Kinavajo bado zinalima. Kwenye kituo cha mwisho upande wa kusini mnaona Spider Rock, mnara wa mwamba wa zaidi ya mita 200. Wanavajo wanasimulia kwamba juu yake anaishi Mwanamke Buibui, aliyewafundisha kufuma, na kwamba huwachukua watoto watundu. Mtoto wa Kiswahili aliyelelewa kwa hadithi za mazimwi atazielewa hizi papo hapo. Lakini vituo vingi viko kwenye genge, kwa hiyo mshike mkono tangu mlango wa gari unapofunguliwa. Kushuka bondeni kunahitaji kiongozi wa Kinavajo.

Hii ni nchi ya watu, na mtoto afundishwe hivyo tangu mwanzo. Wapueblo wanaamini wazee wao bado wamo katika magofu yale, kwa hiyo hatuketi juu ya kuta na hatuokoti hata kigae. Usimpige mtu picha bila ruhusa, na katika vijiji vya Wahopi usipige picha yoyote. Pombe ni marufuku katika ardhi ya Wanavajo. Pasi ya hifadhi za taifa haikubaliki kwenye hifadhi zao, mnalipa kando.

Sasa afya. Kichanga chini ya miezi sita hapewi maji, anaongezewa ziwa au maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na hapakwi mafuta ya kukinga jua; yeye ni kofia, nguo nyepesi na kivuli. Mkubwa zaidi apakwe, maana ngozi nyeusi nayo inaungua. Usimwache garini hata dakika moja: joto ndani huweza kupanda nyuzi 11 za Selsiasi kwa dakika kumi. Funika kiti chake kwa shuka mkishuka, kwa sababu vifungo vya chuma vinachoma. Kung'uta viatu asubuhi kwa ajili ya nge. Akiumwa na nge au akimeza kitu, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu cha taifa, na ukihitaji mkalimani uombe. Kibanda kilichofungwa muda mrefu na chenye mavi ya panya msilale. Aina ya virusi vya hanta inayoshambulia mapafu, ambayo hubebwa na panya, iligunduliwa eneo hili hili mwaka 1993, na kufagia vumbi lile ndiko kunakovirusha virusi hewani.

Karatasi: sheria inamtaka kila mhamiaji asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi atembee na kadi yake ya ukaazi au hati yake ya uhamiaji. Ukitokea Texas au kusini mwa New Mexico utapita vizuizi vya polisi wa mpaka hata kama hukuvuka mpaka wowote. Mtoto aliyezaliwa Marekani mbebee nakala ya cheti cha kuzaliwa. Shirika la ndege nalo huweza kukitaka ukimpakata kama mtoto wa chini ya miaka miwili. Ukisafiri naye bila mzazi mwenzako, beba barua yake ya kukuruhusu.

Mwisho, saa. Kuanzia Machi hadi Novemba, Wanavajo wanasogeza saa mbele lakini sehemu nyingine za Arizona hazisogezi, Wahopi wakiwemo. Simu itabadilika mara kadhaa kwa siku moja. Antelope Canyon iko katika ardhi ya Wanavajo, lakini ziara zake hufuata saa ya Page, yaani ya Arizona. Mwulize mwenye ziara yako anatumia saa ipi, uiandike kwenye tiketi, na ufike nusu saa kabla, ili mtoto apate muda wa kunywa, kukojoa na kubadilishwa nepi.