Matairi ya baridi na bima ya gari Ujerumani: yapange kabla barabara haijaganda

Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, natoka zamu ya usiku hapa Kassel. Barabara yote ilikuwa kavu. Nilipofika kwenye daraja dogo karibu na nyumbani, gari likaacha kunisikiliza. Nakanyaga breki, nakata usukani, lenyewe linakwenda tu kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta. Mwendo wangu haukuzidi kilomita 25 kwa saa. Nikaligonga gari lililoegeshwa pembeni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya bima yenye maswali. La pili lilikuwa hili: siku hiyo gari lilikuwa na matairi gani? Lilikuwa na ya kiangazi. Gari la jirani lililipwa lote. Langu, pamoja na kwamba nilikuwa nimekata bima kubwa, lililipwa nusu, na ada ya mwaka uliofuata ikapanda. Ndiyo maana nayaandika mambo haya mawili pamoja. Nyumbani Afrika Mashariki tumezoea kwamba tairi ni la fundi na bima ni ya wakala. Hapa ukikosea la kwanza, la pili linakufuata.

Daraja nalo lina sababu yake. Upepo wa baridi hulipiga juu na chini, kwa hiyo huganda mapema kuliko barabara iliyolala juu ya udongo. Ukiona kipimajoto cha gari kinasoma nyuzi 3, punguza mwendo kabla ya kila daraja, hata kama lami yote nyuma yako ni kavu.

Sasa sheria. Wageni wengi huuliza, "Mwisho wa kubadilisha ni tarehe ngapi?" Sheria ya barabarani ya Ujerumani haitaji tarehe. Inataja hali: ukiendesha kwenye barafu, theluji iliyoshindiliwa, theluji ya majimaji au umande ulioganda, gari lazima liwe na matairi ya baridi. Gari likiwa limeegeshwa tu, huna kosa. Lakini siku utakayoamka ukute kumeganda na zamu inaanza saa kumi na mbili, hutapata fundi wa kukuhudumia, maana gereji zote zina foleni. Wenyeji wana kanuni yao, von O bis O, toka Oktoba hadi Pasaka, ambayo Kijerumani ni Ostern. Ifuate. Piga simu gereji Septemba, wakati watu bado wamevaa fulana.

Ukikamatwa faini ni euro 60 na pointi moja kwenye rejista ya makosa ya madereva iliyoko Flensburg. Ukizuia wengine barabarani inakuwa 80, ukisababisha ajali 120. Na hili wengi hawalijui: mwenye gari akiliruhusu litoke bila matairi yanayotakiwa, yeye naye hutozwa euro 75 na pointi. Kwa hiyo ukimwazima binamu gari Januari, tairi ni jukumu lako pia. Wanaovuka kwenda Austria wajue kwamba kule tarehe ipo, 1 Novemba hadi 15 Aprili kukiwa na hali ya baridi, na kina cha meno ya tairi kisipungue milimita 4.

Utalijuaje tairi la baridi? Inama usome ubavuni. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Anayetoka Moshi akumbuke Kibo, Mawenzi na Shira, hatausahau. Herufi M+S peke yake hazitoshi tena. Zamani zilikubalika, na matairi ya M+S yaliyotengenezwa hadi mwisho wa 2017 yaliongezewa muda, ila muda huo ulikwisha 30 Septemba 2024. Hata matairi ya Prado na Hilux kule nyumbani huandikwa M+S, na hayajawahi kuona theluji. Matairi ya misimu yote yanaruhusiwa mradi yana mchoro ule wa mlima. Kwa anayeishi mjini kwenye tambarare na kuendesha kidogo, yanatosha. Anayepanda vilima kila alfajiri kama mimi, namshauri anunue ya baridi kamili.

Nunua seti iliyokwisha kufungwa kwenye rimu zake. Mwanzoni inauma mfukoni, lakini kila msimu fundi anafungua magurudumu na kufunga mengine, hana haja ya kuvua mpira kwenye rimu, na bei yake ni ndogo zaidi. Kama gari lako lina vihisi vya upepo ndani ya magurudumu, uliza kama seti mpya inavyo. Bila hivyo taa ya onyo itawaka msimu mzima.

Matairi yaliyotumika yapo tele mtandaoni, na hapo ndipo ndugu zetu wengi hupoteza fedha. Kwanza tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. Ukisoma 3521, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira hukauka hata ukikaa stoo, na tairi la baridi lililopita miaka minane usilinunue hata kama meno yake ni marefu. Pili, chukua sarafu ya euro 2 uisimamishe ndani ya mfereji wa tairi. Ukingo wake wa rangi ya fedha una upana wa karibu milimita 4. Ukimezwa wote, tairi bado lina kazi. Ukionekana, mrudishie muuzaji tairi lake. Sheria inaruhusu hadi milimita 1.6, lakini tairi la baridi lenye kina hicho halina kazi kwenye theluji.

Kubadilisha mwenyewe inawezekana. Magari mengi ya hapa hayana naati, yana boliti zinazoingia moja kwa moja, kwa hiyo gurudumu halina pa kuning'inia wakati unalipachika. Weka gari sehemu tambarare, legeza boliti kabla ya kupiga jeki, angalia mshale wa mwelekeo ubavuni, kaza kwa mtindo wa msalaba, na malizia kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Andika kwa chaki kwenye yale unayoyavua: mbele kushoto, nyuma kulia, na kadhalika. Baada ya kilomita 50 hivi kaza tena. Hatua hii usiiruke, hata kama ni fundi aliyefunga.

Tuje kwenye bima. Bima ndogo, Haftpflicht, ni lazima, na bila namba yake ya uthibitisho, eVB, yenye herufi na tarakimu saba kwa jumla, hutasajili gari. Inamlipa uliyemgonga, hata ukiwa na matairi ya kiangazi. Teilkasko iko katikati: wizi, moto, kioo, mvua ya mawe, dhoruba, kugonga mnyama pori, na nyaya kutafunwa na Marder, mnyama jamii ya kicheche anayeingia chini ya boneti usiku. Vollkasko ndiyo bima kubwa, inayolipa gari lako hata ukikosea mwenyewe. Ila ukifanya uzembe mkubwa, kampuni ina haki ya kukata sehemu ya malipo. Mimi nilikatwa nusu kwa haki hiyo. Kabla ya kusaini uliza kama mkataba una kifungu ambacho kampuni inaahidi kutokata malipo kwa grobe Fahrlässigkeit, yaani huo uzembe mkubwa. Tofauti ya bei ni ndogo sana, na mimi sikuuliza.

Ada yako inategemea ngazi ya miaka bila ajali, SF-Klasse. Mgeni huanzia chini kabisa, na ndiyo sababu ya kiasi kinachotisha mwaka wa kwanza. Omba barua kutoka kampuni yako ya bima ya Nairobi au Dar inayosema umeendesha miaka mingapi bila madai. Baadhi ya kampuni hapa huikubali, nyingine hukataa, basi uliza tatu au nne. Ukilipa kwa mwaka mara moja utaokoa. Taja kwa ukweli watu wote watakaoendesha gari na kilomita unazokwenda. Mikataba mingi huisha 31 Desemba, na barua ya kuivunja iwafikie ifikapo 30 Novemba. Wakipandisha ada bila kuongeza huduma, una mwezi mmoja wa kuondoka tangu upate taarifa.

Leseni nayo inaingia humu. Leseni ya Kenya au ya Tanzania ni halali miezi sita tu tangu uhamie. Baada ya hapo ni mitihani yote miwili, nadharia na barabarani. Ukiendelea kuendesha ni kosa la jinai, na ukigonga, bima itamlipa mwenzako kisha inaweza kukudai hadi euro 5,000. Nimewaona watu wakibishana na hili. Tafadhali, usibishane nalo.

Siku ya ajali, kama mwenye gari uliloligusa hayupo, usiache karatasi kwenye wipa ukaenda zako ukidhani umefanya uungwana. Hapa kufanya hivyo ni kutoroka ajali. Subiri, kisha wapigie simu polisi. Usisaini karatasi yoyote ya kukubali kosa. Toa taarifa kwa bima yako ndani ya wiki moja. Kama kosa si lako na uharibifu si mdogo, una haki ya kuchagua mkaguzi wako mwenyewe, na gharama yake hulipwa na bima ya aliyekugonga. Ukiwa umeharibu kitu kidogo kwa mwingine, waulize kampuni yako kama unaweza kuwarudishia walicholipa ili ngazi yako ya SF isishuke.

Piga picha ubavu wa kila tairi siku ya kufunga, mchoro wa mlima na namba ya DOT vionekane vizuri. Risiti ya gereji iweke kwenye faili moja na mkataba wa bima. Ile barua yenye swali la pili ikija, utakuwa na cha kuambatanisha.