Kabla ya Kusoma Kiingereza kwa Sauti, Kagua Vivumishi Vyenye Kistari

Ukikabidhiwa hotuba ya Kiingereza uisome mbele za watu, usiipitie kwa macho tu. Shika penseli utafute vivumishi ambatani, yaani maneno mawili yaliyoungana kuwa kivumishi kimoja, mara nyingi kwa kistari. Hapo ndipo ndimi zetu hujikwaa.

Anza na silabi, uzihesabu kwa kugonga kidole mezani. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, basi "well-dressed", yenye silabi mbili tu, hututoka nne au tano. Ile "-ed" ya mwisho kwa kawaida huwa silabi kamili ikitanguliwa na sauti ya t au d, kama katika "short-sighted", ambayo ina tatu. Kwingine humezwa: "blue-eyed" ni mbili. Jihadhari na "aged". Peke yake, kwa maana ya mzee, ina silabi mbili. Ndani ya "middle-aged" ni moja. Mimi nikiwa MC harusini nilitamka "e-jid", na shemeji yangu akanitania mpaka pilau ikaisha.

Halafu mkazo. Kwetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache: magari hupita barabára, lakini kazi hufanywa barábara. Kiingereza hakina kituo kimoja namna hiyo. Nomino ikifuatwa na kitenzi chenye "-ing", kama "time-consuming" au "mouth-watering", mkazo mkuu huangukia neno la kwanza. Kivumishi kikifuatwa na neno lenye "-ed", kama "bad-tempered" au "old-fashioned", kwa kawaida huangukia la pili.

Kisha mkazo huo unahama, na hili wengi hatukufundishwa. Ukisema "he is bad-tempered", unabonyeza "tem". Ukisema "a bad-tempered teacher", mkazo unarudi kwenye "bad", kwa kuwa "teacher" nayo inaanza na mkazo, na Waingereza hawapendi mikazo mizito ibanane. Kwa hiyo usitie alama kwa kufuata kamusi tu. Tazama kwanza kama kuna nomino inayofuata. Ukiwa kwenye kamusi, kumbuka kwamba nyingi huweka kile kialama cha wima kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake.

Mwisho kagua karatasi. Kama "well-" imebaki ukingoni na "known" imeshuka mstari wa chini, chapisha upya, la sivyo utavuta pumzi katikati ya neno.